Dadangu ni kiziwi na ana mimba, kliniki wanasema "tunahudumia wote sawa". Tufanye nini?

Swali: "Habari. Tunaishi Kisumu lakini kwetu ni Kakamega. Mdogo wangu ana miaka 24, ni kiziwi tangu akiwa mtoto, alisoma shule ya viziwi na anajua lugha ya ishara vizuri sana, kazi yake ni fundi wa nguo. Saa hii ana mimba ya miezi sita na kliniki anaenda zahanati ya kaunti. Shida ni hii. Sista anaita majina kwa mdomo akiwa ndani, yeye hasikii, akija kushtuka wale walikuja nyuma yake wameshaenda nyumbani na yeye ameketi hapo toka saa mbili mpaka saa saba. Mara mbili amerudi bila kuonekana. Wakamwambia asikuje tena bila mtu wa kumtafsiria, sasa mama mkwe ndiye anaenda naye na hata yeye hajui ishara, anajua zile za nyumbani tu za kula na kulala. Juu ya kitabu chake cha kliniki wameandika BUBU na biro nyekundu. Nilienda kuongea na inchaji, hakunitusi, aliniambia tu 'madam, hapa tunahudumia wote sawa, tukianza kumfanyia huyu spesheli wengine watasema tunapendelea'. Nikakosa cha kusema. Saa zingine nafikiria ni juu sisi si wa hapa, manake masista wanaongeanga Dholuo kati yao. Je, kuna haki yoyote hapo ama ni msaada tu tunaomba? Na tukilalamika si watamfanyia vibaya siku ya kujifungua?"

Dadangu, swali lako nimelisoma nikarudia, na pahali nilikwama ni pale unasema ulikosa cha kusema. Hiyo sentensi ya inchaji nimeisikia kwa ofisi nyingi tangu kaunti zianze 2013, manake kazi yangu imekuwa ni hiyo tu, kuangalia kama huduma za kaunti huku kwetu zinafikia kila mtu, na mara nyingi anayeisema ni mtu mpole kabisa anayeamini anatenda haki. Ndio maana inanyamazisha watu, huwezi kugombana na mtu anakwambia usawa. Kwa hivyo wacha nianze hapo kabla tufike kwa barua na malalamiko.

Jibu fupi kwanza ndio upate usingizi: ni haki, si msaada. Na ndiyo, kuna njia ya kuidai bila kumweka mdogo wako hatarini wakati ako karibu kujifungua, nitakuja hapo.

Sasa hiyo "wote sawa". Kuhudumia watu sawa na kufanyia watu wote kitu kimoja ni mambo mawili tofauti. Fikiria stage ya matatu pale mjini. Makanga anaita "Kondele, Kondele" kwa sauti moja kwa kila mtu, hajabagua yeyote. Mdogo wako anapanda aje? Anasoma kile kibao kimewekwa kwa kioo cha mbele. Sasa toa hicho kibao. Makanga hajabadilisha kitu, anaita vile vile, hana chuki na mtu, lakini tayari kuna abiria mmoja amebaki stage mpaka jioni. Zahanati yenu ni matatu isiyo na kibao, na inchaji anaangalia tu kama makanga anaita kila mtu.

Katiba ya 2010 iliona hii jambo. Kifungu cha 27 kinakataza serikali kubagua mtu moja kwa moja ama kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na ile orodha ya sababu inataja mimba, hali ya afya, ulemavu, lugha, asili ya kabila na zingine. Mdogo wako ako kwa orodha hiyo si mara moja, ni mara tatu: ana mimba, ana ulemavu, na lugha yake ni ya mikono. Kumwambia "wewe kiziwi usikuje hapa", huo ni ubaguzi wa moja kwa moja na hakuna mtu angethubutu kusema hivyo mchana. Kuweka utaratibu ambao anayesikia tu ndiye anaweza kuufuata, huo ndio wa njia ya pili, na hauhitaji mtu awe na roho mbaya. Halafu kile inchaji anaogopa, kupendelea, kifungu hicho hicho kwa sehemu ya 6 kinaambia serikali ichukue hatua, hata za kisheria na za mipango maalum, kuinua watu walioachwa nyuma na ubaguzi wa zamani. Na kifungu cha 21 sehemu ya 3 kinasema kila afisa wa umma ana wajibu wa kushughulikia mahitaji ya makundi yaliyo hatarini, na hapo watu wenye ulemavu wametajwa kwa jina. Kila afisa wa umma, yaani na sista wa pale mlangoni na inchaji wake.

Sitaki uende kumsomea mtu vifungu kama uko kortini, nakuambia ndio ujue mahali umesimama ukiongea. Kama unataka moja tu ya kubeba mdomoni, beba hii: kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Lugha ambayo inaruhusiwa kutumika pale ndani ya Bunge haiwezi kuwa kitu spesheli kwa kliniki ya wajawazito.

Na hiyo BUBU. Tafadhali msiinyamazie, hata kama inaonekana ni jambo dogo mkilinganisha na mengine. Bubu kwa Kiswahili ni mtu asiyesema, na huku kwetu imegeuka kuwa neno la kumaanisha mjinga. Mdogo wako anasema, anasema kwa mikono, na watu wenyewe wanajiita viziwi bila aibu yoyote. Shida nyingine ni ya kikazi kabisa, sista mpya akishika hicho kitabu anasoma BUBU na anaona hakuna haja ya kujaribu kuongea na huyu, anageukia yule amekuja naye. Kumbe hapo hapo, kwa nafasi ile ile, kungeandikwa "Kiziwi. Hasikii akiitwa jina, mguse bega. Anatumia lugha ya ishara", hiyo biro nyekundu ingekuwa imefanya kazi ya maana. Ombeni jalada jipya ama wabandike karatasi juu, na hayo maneno mpya myapeleke nyinyi yakiwa yameandikwa tayari, usingoje wayatunge.

Kuna mambo watu wanaamini kuhusu viziwi yanaharibu hii maneno yote, wacha niyapitie haraka. Moja, eti atasoma midomo. Sauti nyingi za binadamu hazionekani kwa midomo, zinatengenezwa ndani ya kinywa na koo, "baba", "mama" na "papa" zinafanana kabisa kwa mtu anayetazama tu. Halafu sista wa Kisumu kwa sentensi moja anaanza na Kiswahili, anaingia Dholuo, anamaliza na jina la dawa kwa Kiingereza, na amevaa maski. Hakuna mtu duniani anasoma hiyo. Pili, eti wamwandikie. Hii inasaidia kwa vitu vifupi, tarehe ya kurudi, idadi ya tembe, na mimi naipendekeza kwa hivyo vidogo. Lakini Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake yenyewe, si Kiswahili cha mikono wala Kiingereza cha mikono, kwa hivyo kiziwi anayeandika Kiingereza anaandika lugha ya pili ama ya tatu, na wengine shule haikuwapa nafasi ya kuijua vizuri. Ukimwandikia "are you experiencing any discharge" akitingisha kichwa ujue amekuheshimu tu, hajakuelewa. Ya tatu ndiyo kubwa na nitakaa hapo kidogo: eti mtu wa familia anatosha.

Kliniki ya mama mjamzito si kupimwa tumbo peke yake. Anapimwa damu, kuna kipimo cha ukimwi na cha kaswende, anaulizwa mimba zilizopita, kama kuna iliyotoka, anaulizwa kama nyumbani kuna mtu anampiga. Sasa weka mama mkwe katikati. Nilikaa wakati mmoja kwa chumba kama hicho, kaunti nyingine si yenu, mama kiziwi ameketi kwa kiti cha plastiki, mama mkwe amesimama nyuma yake, na sista anauliza "kuna shida yoyote na mzee kwa nyumba?" Mama mkwe hata hakugusa yule msichana, alijibu yeye mwenyewe, "hakuna." Sista akaandika hakuna. Yule msichana alikuwa anaangalia kalenda ukutani. Hakujua kuna swali limepita. Hapo hakuna aliyemfanyia ubaya kwa makusudi, sista alikuwa na laini ndefu, mama mkwe alikuwa anatetea boma lake, lakini swali ambalo liliwekwa hapo kuokoa maisha ya watu lilijibiwa na mtu ambaye halimhusu.

Ndio maana Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoelewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma, akubali matibabu akiwa anaelewa, na habari zake zibaki siri. Hayo matatu yote mama mkwe anayavunja kwa kuwa pale tu, hata akiwa mama mzuri kabisa, na najua unaweza kuwa unampenda. Mfano mwingine wa hapa hapa: huku kwa ziwa malaria iko mwaka mzima, kwa hivyo mjamzito kuanzia mwezi wa nne hivi hupewa vidonge vitatu vya kuzuia malaria na huvimeza hapo hapo sista akiona. Muulize mdogo wako kama anajua alimeza nini na kwa nini. Kama hajui, basi amekubali kitu asichokijua, na huwezi kusema amehudumiwa sawa na mwenzake aliyeelezwa.

Sasa lile la "sisi si wa hapa". Nitakujibu vile naona kwa haki, kwa hayo umenieleza sioni kama kabila ndiyo imemketisha mpaka saa saba. Kiziwi Mjaluo kwa hiyo benchi angekosa jina lake vile vile. Masista kuongea Dholuo wao kwa wao kwa korido si ubaguzi. Inakuwa ubaguzi pale maelezo ya dawa, ama foleni, ama mkutano wa wadi unafanywa Dholuo pekee na kuna watu hapo hawaelewi, na Kiswahili kipo, lugha ya taifa na lugha rasmi. Hiyo ikitokea iandike na tarehe. Na usifikirie sheria imenyamaza upande huo: Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema hakuna taasisi ya umma iwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila lile kubwa la kaunti. Zinafuatwa aje kila mahali, hiyo ni hadithi ndefu. Lakini nakuomba usichanganye haya mawili kwa malalamiko yako, manake ukianza na kabila mkutano wote utakuwa wa kabila, watu watakasirika, na mdogo wako atasahaulika pale pale kwa benchi.

Wacha nikueleze kwa nini hakuna mkalimani, juu ukielewa hapo utajua pa kusukuma. Zahanati na vituo vya afya ni vya kaunti, Katiba iliviweka huko kwa Jedwali la Nne. Inchaji hana pesa ya mkalimani kwa sababu hakuna mahali kwa bajeti imeandikwa mkalimani. Haijaandikwa kwa sababu hakuna mtu aliomba. Hakuna aliomba kwa sababu ukiuliza kliniki "mna kina mama viziwi wangapi", nimeuliza mara nyingi sana, unaambiwa "hapa hatunanga". Na hawanao kweli, juu wale walikuja waliketi mpaka saa saba wakarudi nyumbani, na aliyerudi nyumbani haingii kwa rejista. Ni duara. Halafu hii ni sehemu ambayo haina kisingizio cha kukosa watu wanaojua ishara, shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias zilianza 1961, Maseno iko hapo tu nje ya mji. Huku kwetu kuna vizazi na vizazi vya watu wanaoongea hiyo lugha.

Wakikwambia hakuna pesa, kuna mambo mawili. Kwanza, afya ni haki ya kifungu cha 43, na afya ya uzazi imetajwa hapo waziwazi, na kifungu cha 20 kinasema serikali ikidai haina rasilimali ni jukumu la serikali kuonyesha haina, si wewe kuonyesha inazo. Pili, tangu Sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya, hospitali na vituo vya umma vinabaki na pesa vinavyokusanya badala ya kuzipeleka zote makao makuu ya kaunti, kwa hivyo swali la "hiyo pesa inaamuliwa na nani" ni swali halali kabisa kuuliza kamati ya kituo. Zahanati ndogo haikusanyi mob, nakubali, usitarajie miujiza hapo.

Basi mfanye nini. Naona mambo ya wiki hii na mambo ya mwaka, na ukiyachanganya utachoka.

Ya wiki hii hayagharimu shilingi. Rudi kwa inchaji, nenda na mdogo wako, yeye ndiye mgonjwa na aonekane, mwende mapema kabla laini iwe ndefu ama mchana ikipungua. Usiende kupigana. Mwambie unataka vitu vitatu: aketi benchi ya kwanza mahali sista anamwona, apewe namba kwa karatasi ama aguswe bega zamu yake ikifika, na kile kitabu kibadilishwe maneno. Halafu mpe barua fupi yenye hayo hayo, ukurasa mmoja, Kiswahili ni sawa kabisa, jina la mdogo wako na sahihi yake mwenyewe, tarehe zile mbili alirudi bila kuonekana. Beba kopi mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee stempu ya kupokea. Hiyo stempu ndiyo ile duara nilikwambia inakatika hapo, juu kuanzia siku hiyo zahanati haiwezi kusema haina kiziwi. Nimeona mainchaji wanakataa maneno kwa mdomo na wanakubali barua ile ile yenye maneno yale yale, wengine hata wanafurahi, sasa wana karatasi ya kuonyesha mkubwa wao.

Kuhusu mkalimani, wacha niwe mkweli. Aliyefunzwa ndiye bora, yuko chini ya maadili ya kuweka siri, na hatajibu kwa niaba ya mtu. Lakini ni wachache, wanalipwa, na kwa mji kama Kisumu viziwi wanajuana na wakalimani wanajuana, mdogo wako anaweza kukataa fulani kwa sababu anasali naye kanisa moja na hataki ajue mambo ya mimba yake. Ana haki ya kukataa. Aulizwe yeye anamtaka nani, mwanamke ama mwanaume, usimchagulie hata kama wewe ndiye unamlipia. Anzeni kwa ofisi ya kaunti ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kwa chama cha viziwi, hao wanajua nani yuko karibu. Mkalimani kwa simu ya video ni wa bei nafuu na kwa kliniki ya kawaida anafanya kazi vizuri mkiwa na bando na mwangaza, shida ni chumba kikiwa kwenye kona haina netiwaki, jaribuni kabla ya siku yenyewe. Kwa leba sikushauri utegemee simu peke yake, hakuna mwenye mkono wa kuishika. Na kama hakuna kitu hata kimoja, basi mtu wa familia, lakini achaguliwe na yeye, na mambo ya vipimo na ya ndoa yaulizwe huyo mtu akiwa nje, kwa maandishi mafupi. Wewe mwenyewe unajua ishara kiasi gani? Hukusema. Kama unajua vizuri na yeye anakutaka, wewe ni afadhali kuliko mama mkwe kwa mbali, ila hata wewe kuna maswali hatajibu mbele yako.

Kubadilisha kliniki pia ni njia, watu wengi wanaona aibu kuisema kama wameshindwa. Kama kuna kituo kingine cha kaunti ambacho viziwi wenzake wanakisifu, aende, apewe huduma, barua ya kile cha kwanza bado ni halali.

Ya mwaka ni bajeti. Kaunti ina kalenda ya sheria: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bungeni kwa kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, karatasi ya mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa pesa unaanza 1 Julai. Watu hukuja mkutano wa maoni mwezi wa tano na kelele nyingi wakati sahani imeshapakuliwa. Kama viziwi wa Kisumu watapeleka ombi moja lenye mstari mmoja, "wakalimani wa lugha ya ishara kwa vituo vya afya", kwa idara ya afya na kwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi yenu bungeni kwa kaunti, mapema, na waombe mkalimani kwa ule mkutano wenyewe, hapo kuna kitu cha kushika. Sheria ya Serikali za Kaunti inawapa haki ya kupeleka ombi kama hilo na inataka makundi yaliyotengwa yasibaguliwe, na Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003, kwa hivyo afisa akikutolea ile ya zamani mwambie kwa upole ilishabadilishwa. Kuna kaunti watakwambia "tutafunza masista wawili ishara". Vizuri, kubalini, salamu na "unaumwa wapi" ni muhimu sana. Lakini kozi ya wiki mbili haimfanyi mtu mkalimani wa kueleza upasuaji.

Sasa ile hofu yako ya mwisho, kulalamika na kisasi. Sitakwambia haiko, ningekuwa nakudanganya. Ushauri wangu ni huu: hiyo barua ya ukurasa mmoja isiwe ya kushtaki mtu, iwe ya kuomba vitu vitatu, na haina jina la sista yeyote. Hiyo peleka sasa. Mkipuuzwa kwa wiki mbili hivi, nendeni kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo, kabla mambo yatoke nje ya idara. Malalamiko makubwa, yale ya tume, mnaweza kungoja mpaka ajifungue salama kama roho yenu haitulii, hayo matukio hayataoza kama mmeandika tarehe. Ofisi ya Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, na ile ya Haki za Binadamu zote ziko na ofisi Kisumu, hazilipishi, na unaweza kwenda ueleze kwa mdomo waandike. Na ukitaka kujua kaunti imepanga nini kwa viziwi, andika ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu. Lakini kama kuna siku atakataliwa kabisa kuhudumiwa, ama atatukanwa, ama ataambiwa aweke sahihi kwa karatasi asiyoielewa, usingoje kujifungua, nenda siku hiyo hiyo na utafute wakili ama shirika la msaada wa kisheria uso kwa uso, juu hapo jibu la kusoma kwa simu halitoshi.

Na kuna kitu hakingoji mkalimani wala barua. Akitokwa damu, maji yakivunjika kabla ya wakati, kichwa kikimuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono ikifura, degedege, joto jingi mwilini, ama mtoto akiacha kucheza, ni hospitali saa hiyo hiyo, kituo chochote kilicho karibu. Hakikisha yeye mwenyewe anazijua hizo dalili kwa lugha yake, kaa naye jioni moja mzipitie moja moja, na mkubaliane ishara moja ya simu, kwa mfano akikupigia video na kukata mara mbili unajua ni sasa, juu usiku hawezi kukuelezea kwa sauti kwa simu.

Siku ya kujifungua tayarisheni kadi moja ngumu, ibandikwe ndani ya kitabu. Iseme ni kiziwi, iseme ni nani amechagua awe naye ndani, na namba ya mkalimani. Iombe sista amguse kabla ya kumpima, ashushe maski kidogo ama asogee mahali uso wake unaonekana akitaka kumwonyesha kitu, na taa isizimwe usiku, manake gizani mtu kiziwi amefungwa mdomo. Mkubaliane ishara ya "sukuma" na "ngoja" na sista wa zamu kabla uchungu haujakolea. Na hii waandike kwa herufi kubwa, nimeona ikisahaulika kwa wodi nzuri kabisa: dripu isiwekwe kwa mkono anaotumia sana kuongea, wala isifungwe kwa kiganja na plasta mpaka vidole havikunjiki. Iwekwe juu kidogo, mkono ule mwingine.

Muulize leo mdogo wako mkono wake ni upi, kulia ama kushoto, ndio mwandike.